OB Haina Mdomo, Mwenye Kalamu Ndiye Anaiongelea: Hii Ndio Maana Ripoti Yako ya Polisi Lazima Iwe Fiti

Tuseme ni Ijumaa, saa moja na nusu jioni. Uko Tom Mboya unangoja mathree ya kurudi mtaani. Simu iko mkononi, unacheki meme imetumwa kwa grupu. Nduthi inapita, mkono unatoka, na kabla useme "aki woiye," simu imeenda. Watu wanakuangalia kwa huruma sekunde tatu hivi, halafu kila mtu anaendelea na maisha yake.

Unajikaza unaenda stesheni. Story inakuwa hivi:

"Afande, nimeibiwa simu."

"Uliibiwa wapi, kijana?"

"Hapo tao."

"Saa ngapi?"

"Jioni hivi."

"Simu gani?"

"Samsung."

Karao anaandika laini moja kwa OB, anakupa nambari kwa kikaratasi, unaishia. Ukirudi wiki ijayo kuuliza kesi imefika wapi, unapata iliandikwa "ameripoti kupoteza simu." Kupoteza, si kuibiwa. Hilo neno moja limebadilisha kila kitu. Mtu aliyepoteza simu anapewa abstrakti aende akatafute laini mpya. Mtu aliyeibiwa anafaa kupata mpelelezi, kwa sababu mahali kuna wizi, kuna mwizi.

Sasa unaona mbona nataka tuongee hii maneno leo. Wengi wetu tunajua kulalamika kuhusu makarao, na mara nyingi tuna haki. Lakini ni wangapi wanajua vile ripoti ya polisi inaandikwa, nani anaiandika, na vile sentensi moja inaweza kukuokoa ama kukumaliza?

Sentensi iliyoshtua nchi nzima

Rudi kidogo hadi Juni 2025. Albert Ojwang, mwalimu na bloga wa miaka 31, anashikwa nyumbani kwao Homa Bay tarehe 7, kwa sababu ya post ya mtandaoni kuhusu afisa mkubwa wa polisi. Anasafirishwa hadi Nairobi, anafungiwa Central. Babake anafunga safari kumfuata akiwa amebeba hati ya shamba, akifikiri labda itasaidia kumtoa mtoto. Anapofika anaambiwa mtoto ameshafariki.

Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema Ojwang aliumia kichwa baada ya kujigonga kwa ukuta wa seli.

Soma hiyo sentensi tena polepole. Aliyefanya ni nani? Ni Ojwang mwenyewe. Mwingine aliyekuwa ndani ni nani? Hakuna. Nani alimuona akijigonga? Haisemi. Alijigonga mara ngapi, saa ngapi, na nani alikuwa zamu? Kimya.

Siku mbili baadaye wapasuaji wa maiti wakatoa matokeo yao: majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa, na majeraha mengine yaliyosambaa mwilini. Wakasema hayo yanaonyesha mtu aliyeshambuliwa, si mtu aliyejigonga. Tarehe 11 Juni, Inspekta Jenerali Douglas Kanja akasimama mbele ya Seneti akaomba msamaha kwa ile taarifa ya kwanza. IPOA nayo ikasema mitambo ya CCTV pale stesheni ilikuwa imechezewa. Baadaye watu 6, polisi na raia, wakashtakiwa kwa mauaji. Wote walikana, na ukweli wa nani alifanya nini ni kazi ya korti.

Lakini somo la uandishi halingoji hukumu. Mwili ulikuwa na story yake na karatasi ilikuwa na yake, na hizo story mbili hazikupatana. Kama hakungekuwa na upasuaji huru, na kama watu hawangepiga kelele barabarani na mtandaoni, ile sentensi ya ukuta ndiyo ingebaki kuwa historia rasmi ya huyo msee.

Na haikuwa mara ya kwanza. Agosti 2021, ndugu wawili wa Kianjokoma, Embu, walishikwa usiku wakati wa kafyu ya korona. Polisi wakasema waliruka kutoka kwa gari likiwa linaenda. Familia ikakataa hiyo story, watu wakaandamana, na maafisa 6 wakaishia kushtakiwa kwa mauaji. Tena angalia vile ripoti ilivyojengwa: "waliruka." Marehemu ndiye mtendaji. Serikali haiko popote kwa sentensi.

Ujanja wa sarufi ambao hukufundishwa shule

Mwalimu wa Kiswahili alikusumbua na kauli ya kutendwa ukadhani ni ya mtihani tu. Wapi! Hiyo kitu ndiyo silaha ya ripoti mbovu.

"Risasi ilifyatuliwa." Na nani? "Mshukiwa alijeruhiwa." Na nini? "Nguvu kiasi ilitumika." Kiasi gani, na mkono wa nani ndio ulishika rungu?

Ripoti inayoficha mtendaji mara nyingi inaficha mtu. Kwa hivyo ukisoma taarifa yoyote ya polisi kwa habari, ama wewe ukiandika yako, uliza swali moja kwa kila sentensi: nani alifanya? Kama jibu halipo, hapo ndipo pa kuchimba.

Ujanja wa pili ni maneno ya kubandika. "Alikuwa mlevi na mwenye fujo." "Alikaidi amri." "Alionekana kama mtu wa kushukiwa." Hizo ni hukumu, hazikuambii kitu chochote kilichotokea. Karao anayejua kazi ataandika alichoona na alichosikia: huyu mtu alikuwa anayumba, alitupa chupa ikagonga kioo cha duka, aliambiwa mara tatu aondoke akakataa. Hapo hakimu anaweza kupima. "Mwenye fujo" peke yake haipimiki, na ndio maana kesi nyingi zikifika kwa kizimba wakili akiuliza maswali mawili tu, zinaanza kuvuja kama mabati ya zamani.

Tuwe fair pia. Kuna makarao wanaandika vizuri, na wanafanya hiyo kazi saa tisa usiku na foleni ya watu kumi wanalia mbele ya dawati, huyu amepigwa ngeta, yule mtoto wake hajarudi. Mtu amechoka anaandika kifupi. Hiyo tunaielewa. Lakini kesi haitajali kama aliyeandika alikuwa amechoka.

OB ni nini hasa?

OB ni kile kitabu kikubwa kiko kwa dawati la ripoti ambacho kila tukio linaingia: malalamishi, watu walioshikwa, waliotoka, hata karao akitoka kwenda doria. Kila kitu kinapewa nambari kwa mfuatano na saa. Ndio maana nambari yako inakaa hivi: 45/12/06/2025. Yaani tukio la 45, siku ya tarehe 12 mwezi wa sita.

Huo mfuatano ndio nguvu yake. Nambari 45 ikishaandikwa saa nane na 46 ikaandikwa saa nane na robo, ni ngumu mtu kuja kesho achomeke kitu katikati bila ionekane. Kwa hivyo OB si adui yako. Msee akishikwa na asiandikwe popote, hapo ndipo hatari inaanza, kwa sababu kwa karatasi huyo mtu hayuko. Ukifuata rafiki aliyebambwa, swali la kwanza si "mnataka ngapi?" Swali ni: "Afande, ameandikwa OB nambari gani na kwa kosa gani?"

Kumbuka pia: kuandikisha ripoti ni bure. Bondi ya polisi ni bure. Fomu ya P3 unayopewa stesheni ni bure. Ukiambiwa utoe doh ya "karatasi" ama "kalamu," jua unachezwa.

Vile ripoti yako inafaa kukaa

Turudi kwa ile simu. Hii ndiyo ripoti ileile, lakini ya mtu amejipanga:

"Leo Ijumaa saa moja na nusu jioni, nilikuwa nimesimama barabara ya Tom Mboya, karibu na kona ya Accra Road, nikingoja gari. Pikipiki nyekundu ilikuja kutoka nyuma yangu ikiwa na watu wawili. Aliyekaa nyuma alikuwa mwanamume mwembamba, jaketi nyeusi, kofia ya bluu. Alininyang'anya simu kutoka mkono wa kulia. Walikata kona wakaingia Accra Road wakielekea River Road. Sikuona nambari ya pikipiki. Simu ni Samsung nyeusi, kioo kimepasuka kona ya juu kushoto, na IMEI yake ni hii hapa. Mama anayeuza njugu pale kona aliona, na alisema hiyo pikipiki amewahi kuiona hapo."

Hiyo inasomwa chini ya dakika moja. Cheki ni nini imefanya.

Kwanza, ina saa na mahali ambapo mtu anaweza kwenda kusimama. "Tao" si mahali. Kona ya Tom Mboya na Accra Road ni mahali, na pengine duka la hapo lina kamera. Ukichelewa siku kadhaa, hiyo video inaweza kuwa imefutwa na nyingine.

Pili, inafuata mpangilio wa matukio. Kilichoanza kiko mwanzo, cha mwisho kiko mwisho. Hakuna "lakini kabla ya hapo nilikuwa nimesahau kusema."

Tatu, inaeleza vitu vinavyoonekana. Haisemi "walikaa wezi." Inasema jaketi, kofia, rangi, walikoelekea.

Nne, na hii watu wengi wanaiogopa, inakubali kile haijui: "Sikuona nambari ya pikipiki." Unaweza kufikiri hiyo inakufanya ukae mnyonge. Kinyume kabisa! Shahidi anayesema "hapo sikuona" anaaminika akisema "hapa niliona." Ukibuni nambari ya pikipiki ili karao akuchukulie serious, kuna siku mwenye hiyo nambari atapatikana, na ni fundi wa viatu ambaye siku hiyo alikuwa ushago. Kesi imekufa, na wewe una shida mpya, kwa sababu kumpa afisa wa umma habari ya uongo ni kosa chini ya kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu.

Tano, inatenganisha ulichoona na ulichoambiwa. Mama wa njugu alisema amewahi kuiona hiyo pikipiki. Hiyo ni yake yeye, si yako. Karao akitaka atamtafuta aongee mwenyewe.

Usiweke sahihi kama unaweka kwa mchango wa harusi

Baada ya OB, kama kesi inaendelea, utaitwa kurekodi taarifa, ile watu huita statement. Mara nyingi wewe unaongea na karao anaandika. Hapo kalamu si yako, lakini maneno lazima yabaki yako.

Omba usomewe yote kabla ya sahihi, kwa lugha unayoielewa. Kama umeongea Kiswahili na imeandikwa Kizungu cha korti, uliza kila neno ambalo hulijui. Kama kuna kosa, likatwe kwa laini moja, lirekebishwe, na uweke sahihi ndogo pembeni. Usiweke sahihi kwa karatasi tupu. Kama kuna nafasi imebaki chini ya ukurasa, pitisha laini kabla uweke jina. Weka sahihi kila ukurasa, si wa mwisho peke yake. Haya ni mambo madogo, lakini ndiyo yanazuia mtu kuongeza sentensi usiku wakati wewe umelala kwa keja yako.

Lakini kuna tofauti kubwa usichanganye. Ukiwa mlalamishi ama shahidi, toa maelezo yote. Ukiwa mshukiwa, mambo yanabadilika. Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuambiwa sababu ya kushikwa kwa lugha unayoelewa, haki ya kunyamaza, haki ya kuongea na wakili, na haki ya kupelekwa kortini kabla ya saa 24 kuisha, ama siku ya korti inayofuata kama hizo saa zimeangukia wikendi ama usiku. Hakuna mtu anafaa kukulazimisha ukiri.

Na hata ukikiri, si kila karao anaweza kuchukua hayo maungamo. Sheria ya Ushahidi inataka yawe mbele ya jaji ama hakimu, ama mbele ya afisa asiye chini ya cheo cha Inspekta wa polisi ambaye si yule anayechunguza kesi, na mtu wa tatu uliyemchagua mwenyewe awepo. Kwa hivyo yule anayekuambia "andika tu ulifanya, nikuachilie uende" hakusaidii. Anakuandikia kifungo na kalamu yako mwenyewe.

Kukiwa na damu ama dhuluma

Kama umepigwa, usikae wiki mbili ukingoja uvimbe uishe ndio uende. P3 ndiyo fomu inayobeba majeraha yako hadi kortini. Polisi wanajaza sehemu yao, daktari anajaza yake. Daktari anaandika anachoona, kwa hivyo nenda angali anaweza kuona. Piga picha za majeraha kwa mwangaza mzuri, na uhifadhi nguo ulizokuwa umevaa.

Kwa dhuluma ya kingono, hospitali inakuja kwanza, kituo cha polisi baadaye. Dawa za kuzuia Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Huko hospitali kuna fomu nyingine inaitwa PRC ambayo daktari anajaza. Ikiwezekana usioge kwanza, na nguo uzibebe kwa karatasi, si kwa mfuko wa plastiki. Ukihitaji mtu wa kukuongoza, nambari 1195 ni ya bure. Na hakuna karao ana haki ya kukuuliza ulikuwa umevaa nini ndio aamue kama ataandika ama hataandika.

Karao akikataa kuandika, je?

Inatokea. Unaambiwa "enda mkaelewane nyumbani," ama "rudi kesho," hasa kama unayemshtaki ni karao mwenzake. Uliza jina lake na nambari ya huduma kwa heshima, bila kupandisha. Omba kuonana na OCS. Ikishindikana, andika yako mwenyewe hapo hapo: tarehe, saa, stesheni gani, uliongea na nani, ukaambiwa nini. Tuma kwa barua pepe yako ili iwe na saa yake. Halafu piga IPOA kwa 1559, ni bure, ama uende ofisi zao. Hiyo ndiyo taasisi iliyoundwa na sheria ya 2011 kuchunguza makarao.

Sijui kama unakumbuka kesi ya wakili Willie Kimani. Juni 2016, yeye, mteja wake Josephat Mwenda aliyekuwa wa boda, na dereva wao wa teksi walinyakuliwa wakitoka korti ya Mavoko. Mwenda alikuwa ameripoti karao kwa IPOA. Walifungiwa kwa muda kwa kambi ya polisi wa utawala pale Syokimau, na hakuna kitabu chochote kilichoandika kwamba wako hapo. Lakini kutoka ndani, kikaratasi kilirushwa nje na mpita njia akakiokota. Kilikuwa na ujumbe mfupi wa kuomba mke wa Mwenda apigiwe simu aambiwe mumewe yuko hatarini.

Miili yao ilipatikana mtoni siku chache baadaye. Hicho kikaratasi hakikuwaokoa. Lakini kilikuwa kimesema mambo matatu muhimu: ni nani, apigiwe nani, na kuna nini. Kilisaidia kufunga ile nafasi ambayo OB iliacha wazi. Mwaka 2022 maafisa 3 na mpasha habari mmoja wakapatikana na hatia ya mauaji, na 2023 wakahukumiwa. Mtu aliyekuwa na dakika chache na kipande cha karatasi aliandika ripoti ya ukweli kuliko stesheni yenye kitabu, kalamu na muhuri.

Sasa wewe fanya hivi

Usingoje siku ya shida. Leo kabla ulale, bonyeza *#06# kwa simu yako, upige skrinshoti ya ile IMEI na uitume kwa barua pepe. Kariri nambari mbili za watu wako, kwa sababu seli haina contacts. Mwambie mmoja wa mbogi kwamba ukipotea, aanze kwa kuuliza OB.

Na siku utakapokuwa kwa lile dawati, na kalamu iko mkononi mwa mtu mwingine, usiseme "jioni hivi." Sema saa. Usiseme "hapo tao." Sema kona. Usiseme "nimepoteza" kama uliibiwa. Ngoja usomewe, hata kama foleni nyuma yako inanung'unika. Halafu ndio uweke jina lako.